Namna ya Kununua Sarafu za Fedha na Dhahabu Bila Kulipia Hadithi: Mwongozo kwa Wanunuzi wa Mwanza na Kandokando ya Ziwa

Mtu anayenunua sarafu ya madini kutoka kwenye televisheni au mtandaoni hulipia vitu viwili kwa pamoja: madini yaliyomo ndani ya sarafu, na maelezo yanayoambatana nayo. Madini hupimwa kwa mzani, na bei yake hutangazwa kila siku dunia nzima. Maelezo hayana mzani. Mwongozo huu unamlenga mnunuzi aliyeko Nyamagana, Ilemela, Sengerema, Ukerewe au popote kandokando ya Ziwa Victoria, kwa sababu hali yetu ina jambo moja ambalo washauri wa mbali hawalitaji. Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani yapo maduka yanayonunua sarafu kama sarafu, yakitazama mwaka, hali na idadi iliyotengenezwa. Hapa kwetu, siku utakayokuwa na shida ya ada ya shule au ya matibabu, mtu utakayemwendea ni sonara, naye ataiweka sarafu yako kwenye mzani, atakulipa kwa gramu, kisha ataiyeyusha. Kwake yeye sarafu isiyo na doa hata moja na sarafu iliyokunjwa zina bei ileile. Kwa hiyo kabla ya kuuliza sarafu inauzwa shilingi ngapi, jiulize kwanza sonara atakupa shilingi ngapi ukiipeleka kesho asubuhi.

Jambo hili nililijua baada ya kuumia. Mwaka 2017, nikiwa nyumbani Nyakato, niliona kwenye chaneli moja ya nje iliyokuwa ikipatikana kwa dishi mtangazaji aliyevaa glavu nyeupe akiinua sarafu kubwa ya manjano yenye picha ya tembo. Pembeni ya skrini palikuwa na saa iliyohesabu dakika kurudi nyuma, na chini yake idadi ya sarafu zilizobaki, ambayo ilishuka kutoka 61 hadi 37 nikiwa bado nimeshika rimoti. Nilimwomba mpwa wangu mwenye kadi ya benki anilipie dola 180, ambazo wakati ule zilikuwa zaidi ya shilingi laki nne, na baada ya wiki saba nikachukua kifurushi Posta. Kasha lilikuwa la mahameli na ndani yake palikuwa na cheti chenye muhuri. Nilipoipeleka kwa sonara mmoja wa hapa mjini, hakuitazama picha ya tembo. Aliipima upana, milimita 40, akaipima unene, milimita 3, kisha akaiweka kwenye mzani nao ukasoma gramu 33.2. Akaniambia, "Mzee wangu, dhahabu ya ukubwa huu ingezidi gramu 70. Hii ni shaba." Alipoikwaruza kidogo ukingoni kwa tupa, wekundu wa shaba ulijitokeza mara moja. Niliporudi nyumbani nilikisoma cheti upya na kukuta kwamba hakikuwa na uongo wowote: kwa herufi ndogo kilieleza kuwa sarafu ina kiini cha shaba kilichochovywa dhahabu safi ya karati 24. Sikudanganywa kwa neno hata moja lililoandikwa, na ndiyo maana naandika kwa urefu juu ya maneno na hesabu, ambako hasara nyingi za namna hii huanzia.

Hesabu ya kwanza

Kabla ya kuitazama picha ya sarafu mara ya pili, andika namba tatu kwenye karatasi: uzito wa sarafu kwa gramu, usafi wa madini yake (sehemu ya uzito ambayo ni madini hayo halisi; 999 kwa 1,000 huandikwa 0.999), na bei ya gramu moja ya madini hayo kwa siku hiyo. Ukizizidisha namba hizo utapata thamani ya madini. Muuzaji asiyetaja uzito na usafi, hata baada ya kuulizwa kwa maandishi, amekwisha kukupa jibu, na hapo huna haja ya kuendelea naye.

Bei ya siku haihitaji utaalamu. Bei ya dunia hutajwa kwa dola kwa wakia moja, na wakia ya madini ya thamani ni gramu 31.1, si gramu 28.35 za wakia ya kawaida inayotumika kupimia vyakula. Igawe bei hiyo kwa 31.1, kisha zidisha kwa thamani ya dola ya siku hiyo. Kwa upande wa dhahabu tuna nafuu zaidi, kwa kuwa Tume ya Madini hutoa bei elekezi, na katika mji unaopokea dhahabu kutoka Geita na wilaya jirani si vigumu kumpata mtu anayeijua bei ya gramu ya jana na ya leo.

Tuseme, kwa ajili ya mfano tu, kwamba gramu ya fedha ni shilingi 3,200 na gramu ya dhahabu ni shilingi 300,000. Bei ya siku unayonunua utaitafuta mwenyewe, kwa sababu hupanda na kushuka. Sarafu ya Marekani iitwayo Silver Eagle, inayotengenezwa tangu mwaka 1986, ina wakia moja ya fedha yenye usafi wa 999 kwa 1,000. Kwa bei yetu ya mfano, madini yake yana thamani inayokaribia shilingi 99,500. Muuzaji akiitaja kwa shilingi 129,000 pamoja na usafirishaji, tofauti hiyo ni gharama ya kuitengeneza, kuisafirisha na faida yake, nayo inavumilika. Akiitaja kwa shilingi 390,000, zaidi ya shilingi 290,000 ni maelezo matupu. Krugerrand ya Afrika Kusini, iliyoanza kutolewa mwaka 1967, ina uzito wa gramu 33.93 lakini ni ya karati 22, yaani sehemu 22 za dhahabu kati ya 24, kwa hiyo dhahabu halisi iliyomo ni wakia moja kamili, na iliyobaki ni shaba inayoifanya isichubuke upesi. Anayezidisha gramu 33.93 kwa bei ya dhahabu safi atakuwa amelipia shaba kwa bei ya dhahabu.

Kwa maoni yangu, mnunuzi wa kwetu asivuke asilimia 10 juu ya thamani ya madini kwa sarafu ya dhahabu ya wakia moja, wala asilimia 30 kwa ya fedha, akiwa amekwisha kujumlisha usafirishaji na ushuru. Ya fedha huachiwa nafasi kubwa zaidi kwa sababu kazi ya kuigonga sarafu mashineni inakaribia kulingana iwe ya fedha au ya dhahabu, ilhali fedha ni rahisi, kwa hiyo gharama hiyo huonekana kubwa. Kumbuka pia kwamba sonara hatakulipa bei kamili ya dunia, kwa kuwa naye ana gharama ya kuyeyusha na anahitaji faida, na masonara wengi hupokea dhahabu kwa moyo mweupe kuliko fedha. Waulize watatu kabla ya kununua chochote, hata kama huna sarafu mkononi. Swali halilipiwi.

Upo mtego mwingine wa vipimo unaowanasa hata watu wenye elimu. Katika maduka ya mtandaoni huuzwa vipande vidogo vya dhahabu au fedha vilivyofungwa kwenye kadi ya plastiki, vikiwa vimeandikwa "1 gr". Msomaji hudhani ni gramu moja. Alama ya gramu ni g peke yake. Gr mara nyingi ni kipimo cha zamani cha Kiingereza kilichotokana na punje ya nafaka, na zaidi ya punje 15 zinahitajika kutimiza gramu moja. Kipande hicho basi kina gramu 0.065 tu. Picha huwa imepigwa kwa karibu sana, na kadi ndiyo inayokifanya kionekane kama kitu kikubwa.

Maneno yanayoficha shaba

Lugha yetu yenyewe humpa muuzaji pa kujificha. Neno fedha lina maana ya pesa na lina maana ya madini, kwa hiyo tangazo la "sarafu ya fedha" linaweza kusomwa namna mbili, na mwenye tangazo akibanwa atachagua ile inayomwokoa. Mlazimishe aandike "madini ya fedha, usafi wa 999" au "usafi wa 925", kwa tarakimu. Vivyo hivyo, "ya dhahabu" si sawa na "yenye dhahabu", wala "yenye dhahabu" si sawa na "ya rangi ya dhahabu". Kivumishi kimoja kikiingia katikati, thamani hutoka kwenye mamilioni ikaangukia mamia. "Imechovywa", "imefunikwa", "imepakwa" na "ina tabaka la" zote zinaeleza ngozi ya nje. Na karati 24 inayotajwa hapo ni ya hiyo ngozi, si ya sarafu.

Ni vyema kujua ngozi hiyo ina thamani gani hasa, kwa sababu wengi hudhani kwamba hata kama si dhahabu yote, angalau ipo ya kutosha. Chukua sarafu kama ile yangu, upana wa milimita 40 na unene wa milimita 3, ambayo pande zake zote pamoja na ukingo zina eneo la sentimita za mraba zipatazo 29. Tabaka la dhahabu lenye unene wa sehemu moja ya kumi ya mikroni (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kiasi ambacho macho yanakiona kama dhahabu kamili, linahitaji miligramu zisizofika 6. Kwa bei yetu ya mfano hizo ni kama shilingi 1,700. Hata tabaka likiwa nene mara kumi ya hapo, hamna sonara atakayejisumbua kuikwangua.

Yapo pia majina ya madini yanayopotosha. Kinachoitwa fedha ya Kijerumani ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki usio na fedha ndani yake, na katika nchi yetu jina hilo ni la hatari maradufu, kwa kuwa sarafu halisi za fedha za wakati wa Mjerumani zipo na watu wanazitafuta. Fedha ya Tibet inayouzwa mtandaoni nayo mara nyingi haina fedha. Vitu vya jinsi hii vimo vinavyopendeza, na anayetaka pambo la mezani hana kosa kuvinunua, mradi alipe bei ya pambo.

Namna televisheni inavyopandisha bei

Wahenga wamesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na saa inayohesabu kurudi nyuma ndiyo matembezi yenyewe. Kazi yake ni kukunyima muda wa kufanya hesabu niliyoieleza hapo juu. Sarafu za madini zinazotengenezwa kwa wingi haziishi saa tano usiku. Mwaka 2015 pekee Marekani iliuza zaidi ya Silver Eagle milioni 40, na anayekuambia kwamba zimebaki 37 anazungumzia meza yake, si dunia.

Umri nao hutumika vibaya. Mtu akiambiwa sarafu ina zaidi ya miaka mia moja huona kwamba lazima iwe adimu, ilhali dola ya fedha ya Marekani aina ya Morgan ya mwaka 1921 ilitengenezwa zaidi ya milioni 80 kwa mwaka huo mmoja. Ina gramu 26.73 zenye fedha kwa asilimia 90, sawa na gramu 24 za fedha safi, na kwa bei yetu ya mfano madini yake ni kama shilingi 77,000. Mtangazaji huanza kwa kuonyesha sarafu nyingine ya aina hiyohiyo, ya mwaka ulio adimu kweli, iliyouzwa mnadani kwa maelfu ya dola, kisha anakuuzia ya 1921. Sikiliza mwaka na herufi ya kiwanda, ile herufi ndogo inayoonyesha sarafu ilitengenezwa wapi. Hivyo viwili vikibadilika katikati ya maelezo, sarafu anayoisifu siyo anayoiuza.

Kuhusu gredi, yapo makampuni ya Marekani, hasa PCGS na NGC, yanayochunguza sarafu, kuzipa alama kwenye kipimo cha 1 hadi 70, na kuzifunga kwenye kasha gumu la plastiki lenye namba. Kazi yao ni halali na kwa sarafu za zamani zenye thamani kubwa inasaidia. Kwa sarafu mpya mambo ni tofauti: inayotoka kiwandani leo karibu kila mara hupata 69 au 70, na tofauti ya alama hiyo moja, ambayo macho ya kawaida hayaioni, inaweza kuongeza bei mara mbili au zaidi. Lebo zinazosema sarafu ni ya siku za kwanza za kutolewa zina maana ndogo kuliko inavyosikika, kwani kwa kawaida zinazungumzia mwezi wa kwanza wa mauzo. Sonara wa Mwanza atalivunja kasha hilo kwa nyundo. Mimi simshauri mtu yeyote wa hapa alipie hata shilingi moja ya ziada kwa ajili ya 70. Ukinunua iliyo ndani ya kasha, ingiza namba yake kwenye tovuti ya kampuni husika na ulinganishe picha, kwa sababu makasha ya kughushi yapo na namba halisi hunakiliwa.

Malipo ya awamu yanastahili tahadhari ya pekee. Bei ikitajwa kama "malipo matano ya dola 59", akili hushika 59 na kuiacha 295. Tena baadhi ya mauzo ya namna hiyo huwa na maneno madogo yanayokuandikisha kupokea sarafu nyingine kila mwezi, na kadi yako ikaendelea kukatwa. Kabla ya kutoa namba ya kadi, uliza kwa maandishi kama unanunua sarafu moja au unajiandikisha katika mfululizo.

Swali jingine zuri la kumuuliza muuzaji ni hili: "Kama ningekuletea sarafu hii leo, ungeinunua kwa shilingi ngapi?" Duka linalofanya biashara ya sarafu kwa uaminifu lina bei mbili, ya kuuza na ya kununua, na halioni haya kuzitaja zote.

Sarafu za huku kwetu

Mwanza ilikuwa kituo cha Wajerumani tangu mwaka 1892, na hadi leo watu hutoka nazo visiwani na vijijini sarafu zilizoachwa na mababu. Kwa sababu hiyo biashara ya mtandaoni imezipamba sana, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji awe mwangalifu kuliko mahali pengine popote.

Rupia ya fedha ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ina uzito wa gramu 11.66 na upana unaokaribia milimita 30, yenye fedha kwa 917 kwa 1,000. Hiyo ni fedha safi ya gramu 10.7, au kama shilingi 34,000 kwa bei yetu ya mfano. Wakusanyaji wa Ulaya hulipa zaidi kwa iliyo safi na ya mwaka usiopatikana kwa wingi, lakini habari zinazozungukia kwenye makundi ya WhatsApp kwamba rupia moja ni nyumba na gari hazina msingi. Heller za shaba, zilizoanza kutolewa mwaka 1904 na zilizotuachia neno hela, hazina madini ya thamani kabisa. Thamani yake ni ya kumbukumbu.

Sarafu ya huku inayoghushiwa sana ni rupia 15 za dhahabu zilizotengenezwa Tabora mwaka 1916, wakati wa vita, katika karakana ya reli, kwa dhahabu ya Sekenke. Ina tembo mbele ya milima, uzito wa gramu 7.168 na dhahabu kwa 750 kwa 1,000. Zilitengenezwa kama 16,000 tu, na wakusanyaji huzilipia kiasi kilicho juu sana kuliko dhahabu yake, ndiyo maana nakala zake ni nyingi. Mtu akikuletea tembo wa Tabora kwa laki tatu kupitia Facebook, huku dhahabu yake peke yake ikiwa na thamani inayozidi shilingi milioni moja na nusu kwa bei yetu ya mfano, usifurahie bei nafuu. Anayeuza milioni kwa laki anajua anachokiuza.

Shilingi ya zamani yenye simba mbele ya milima, iliyotolewa na wakoloni wa Kiingereza, huuzwa mtandaoni kama "shilingi ya fedha". Zile za 1921 hadi 1946 zina fedha kwa robo tu: gramu 7.78 za uzito zina fedha gramu 1.94, yaani kama shilingi 6,200 za mfano wetu. Zile za kuanzia 1948 zina simba yuleyule lakini ni shaba na nikeli. Soma mwaka. Ile riale ya Maria Theresa iliyotembea pwani yetu na Uhabeshi imeandikwa 1780, lakini tarehe hiyo haikubadilishwa na sarafu imeendelea kutengenezwa hadi nyakati zetu. Ni fedha halisi, gramu 28 zenye usafi wa 833, na anayeiuza kama kitu cha miaka zaidi ya mia mbili mara nyingi anauza kitu kilichotengenezwa baadaye sana.

Upo pia utapeli wa upande wa pili: mtu hutangaza kwamba ananunua sarafu yako ya zamani kwa mamilioni, kisha anadai kwanza ada ya usajili au ya uthibitisho. Mnunuzi wa kweli hakuombi pesa.

Kupima nyumbani

Mfanyabiashara wa Mwaloni Kirumba hanunui gunia la dagaa kwa kutazama juu. Hutia mkono hadi chini aone kama kuna mchanga. Sarafu nayo ina namna ya kutiwa mkono. Unahitaji mzani mdogo wa kielektroniki unaosoma sehemu ya mia ya gramu, rula nzuri au kalipa (kifaa cha kupimia upana na unene), sumaku, uzi na bilauri ya maji.

Anza na sumaku. Ikiivuta sarafu, jambo limekwisha, kwa kuwa fedha na dhahabu hazivutwi. Isipoivuta, bado hujathibitisha lolote, maana shaba nayo haivutwi. Kisha linganisha uzito na upana na vile vya sarafu halisi. Kipimo chenye nguvu zaidi ni cha maji. Weka bilauri yenye maji juu ya mzani na uurudishe mzani kwenye sifuri. Ifunge sarafu kwa uzi mwembamba, ishushe hadi izame kabisa bila kugusa chini wala ubavuni, na usome namba inayojitokeza. Gawa uzito wa sarafu ikiwa kavu kwa namba hiyo. Fedha safi hutoa takribani 10.5, shaba kama 8.9, dhahabu safi 19.3, na Krugerrand kati ya 17 na 18. Silver Eagle halisi ikining'inia majini huufanya mzani usome kama 2.96, ukisoma 3.5, uliyonayo si fedha. Viputo vya hewa vikiganda kwenye sarafu huharibu jibu, kwa hiyo itikise kidogo na urudie mara tatu. Kwa dhahabu, ujue kwamba tungsteni, metali iliyo rahisi kuliko dhahabu, ina uzito unaokaribiana nayo sana na wahalifu huitumia kama kiini, hivyo sarafu ya mamilioni ipelekwe kwa mtu mwenye mashine ya kupima madini.

Usiisugue sarafu ya zamani kwa majivu, dawa ya meno au limao ili ing'ae. Kama ina thamani kwa wakusanyaji, utakuwa umeiondoa.

Kulipa, kupokea na kudai

Lipia ndani ya mfumo wa duka la mtandaoni lenye utaratibu wa kurudisha bidhaa, na mara muuzaji anapokuomba mhamie WhatsApp ili "akupunguzie", jua kwamba anakutoa kwenye ulinzi huo. Ukilipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuingiza namba ya siri. Jina la mtu binafsi lisilohusiana na duka ni sababu ya kutosha ya kusitisha. Kwa muuzaji aliyeko Dar es Salaam anayetuma mzigo kwa basi, pendekeza kulipa baada ya kuupima mzigo mbele ya mtu wake, na akikataa, mwache. Kwa sarafu inayotoka nje, uliza Mamlaka ya Mapato kuhusu ushuru kabla ya kuagiza, kwani gharama hiyo huibadilisha hesabu yote.

Hifadhi picha ya skrini ya tangazo kamili siku ya kununua, hasa mstari unaotaja madini, kwa sababu matangazo hubadilishwa. Kifurushi kikifika, mwombe mtu arekodi video tangu kingali kimefungwa hadi sarafu inapokaa kwenye mzani, bila kukatiza. Pima siku hiyohiyo; wauzaji wengi hutoa siku chache za kurudisha, na siku hizo hazikusubiri.

Sarafu ikiwa si ile iliyoelezwa, andika dai kwa muuzaji kwanza, kwa maneno machache yenye uzito uliotangazwa na uzito uliopimwa, kisha kwa duka la mtandaoni, kisha kwa benki iliyotoa kadi. Kwa malipo ya simu, piga mtandao wako mara moja ili pesa izuiwe kabla haijatolewa, na namba ya tapeli itume kwenda 15040. Kwa muuzaji aliyeko nchini, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani. Udanganyifu wa mtandaoni huangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, nayo taarifa yake hupelekwa kituo cha polisi ukiwa na picha, video na namba ya muamala. Kama tangazo lilisema "imechovywa" nawe hukusoma, dai hilo ni gumu kushinda, nami langu sikulifungua.

Ukiamua kuipeleka sarafu kwa sonara, chagua mwenye mzani uliohakikiwa na Wakala wa Vipimo, simama mahali unapoiona namba, na mwambie usafi wa sarafu kabla hajaanza kukata bei, ili mzungumze juu ya gramu za madini safi na si juu ya uzito wote.